Je, Wajua? Upepo Hauombewi Msamaha

Asubuhi Mwisenge, mtaa wa Musoma wenye shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, ziwa hutulia kama mafuta kwenye sinia. Adhuhuri ikipita, kanga kambani huanza kupiga makofi, na waanika dagaa hutafuta mawe ya kukandamiza ncha za nyavu.

Je, wajua upepo huo hutoka wapi? Jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda ziwani. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku, wavuvi wakiwa kazini.

Upepo huwasumbua wacheza gofu pia. Je, wajua mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93? Ukipigwa vizuri, huruka ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo huunyanyua. Ukikutana na upepo wa mbele, hupanda zaidi, kisha huanguka karibu. Kuongeza nguvu huongeza pia mzunguko, kwa hiyo mjuzi hupiga taratibu, mpira upite chini.

Je, wajua upepo uliwahi kumpokonya mtu hongera zake? Tarehe 21 Juni 1992, siku ya mwisho ya mashindano ya gofu ya US Open huko Pebble Beach, California, Colin Montgomerie alimaliza mapema kwa jumla ya mikwaju 288. Upepo wa bahari ukavuma, waliobaki uwanjani wakayumba, na gwiji Jack Nicklaus akampongeza kama bingwa. Wahenga walionya: usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Tom Kite alikuwa bado anacheza. Shimo la 7, fupi la mita 98 hivi, mpira wake ulikosa eneo la shimo. Akaudokoa kutoka pembeni, ukatumbukia. Akashinda kwa mikwaju 285. Montgomerie akawa wa tatu.

Je, wajua kisa cha Gil Morgan, mchezaji mwingine wa mashindano hayo? Siku iliyotangulia alifika mikwaju 12 chini ya kiwango, jambo ambalo US Open haikuwahi kuliona. Jumapili hiyo ya upepo alipiga 81, akaangukia nafasi ya 13.

Je, wajua kanuni ya Jinja? Katika uwanja huo wa gofu wa Uganda, kanuni ya zamani ilisema mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unauokota na kuuweka kando bila adhabu. Ukipeperushwa na upepo, unaupiga hapohapo ulipoangukia.