Maungo Yakiuma Baada ya Kazi: Je, Dawa Zetu Zafaa Kitu?

Katika nchi ya Punia, mkoani Maniema, kazi nyingi hufanywa kwa nguvu za mwili. Wako wachimbao kasiterite, yaani mawe ya bati, kwa sururu na beleshi, kisha huyabeba mgongoni kwa njia za msituni. Mawe hayo ni mazito mno: ndoo ndogo tu iliyojaa yaweza kumlemea kijana mwenye nguvu. Wako wasukumao baiskeli zilizopakiwa magunia ya mchele na madumu ya mawese, wakipanda na kushuka vilima katika matope. Wako akina mama watokao shambani na mizigo ya kuni na mihogo. Wanafunzi nao, wakirudi kutoka likizo, huukimbilia uwanja wa mpira siku ya kwanza kana kwamba miguu yao haikupumzika kamwe.

Hao wote walijua jambo moja. Siku ya kazi yenyewe mtu huchoka tu. Lakini kesho yake, na hasa keshokutwa, mapaja hukakamaa, mabega huuma, na kuteremka kilima huwa adhabu. Hapo kila jirani huleta shauri lake. Mmoja asema, "Mkandeni kwa mafuta ya moto." Wa pili asema, "Aende kuoga mtoni alfajiri." Wa tatu asema, "Ajinyoshe viungo." Wa nne asema, "Chanjeni ngozi, damu mbaya itoke." Na wa tano hasemi neno, bali hutoa kidonge mfukoni.

Je, mashauri hayo yafaa? Swali hili si la mchezo. Mtu alipwaye kwa siku, akilala nyumbani siku mbili, watoto wake hulala na njaa. Akinunua vidonge kila jioni, mapato yake hupungua. Na akikosea dawa, aweza kuiharibu afya, ambayo ndiyo mali yake ya kwanza. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu yale ambayo wataalamu wameyapima kwa miaka mingi.

MAUMIVU HAYA YATOKA WAPI?

Wengi husadiki kwamba maumivu haya ni uchafu uliobaki katika misuli. Wale waliosoma kidogo huutaja kwa jina: asidi ya laktiki. Wasema kwamba asidi hiyo hujikusanya wakati wa kazi, na kwamba lazima ikamuliwe, ioshwe au itolewe kwa jasho. Maneno hayo hufundishwa hata na baadhi ya walimu wa michezo, lakini si kweli.

Ni kweli kwamba msuli ukifanya kazi ya nguvu, laktiki huongezeka katika damu. Lakini mtu akipumzika, hupungua upesi, na baada ya saa moja hivi hurudi kiasi chake cha kawaida. Yawezaje basi kuleta maumivu ya keshokutwa? Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walilipima jambo hili. Waliwakimbiza watu dakika 45 mahali pa tambarare, na wakati mwingine dakika 45 kwa kuteremka. Waliokimbia tambarare laktiki yao ilipanda, lakini hawakuumwa siku zilizofuata. Waliokimbia kwa kuteremka laktiki yao haikupanda, lakini ndio walioumwa sana. Basi asidi ile haina hatia.

Sababu yenyewe ilikwisha kutambuliwa zamani. Mwaka 1902 mtaalamu Theodore Hough wa Marekani aliandika juu ya maumivu ya vidole vilivyofanyizwa kazi wasiyoizoea. Aliona kwamba yako maumivu ya namna mbili: yale ya uchovu, ambayo huja mara moja na kupita mara moja, na yale ya kesho yake, ambayo hutokana na kupasuka kidogo ndani ya msuli. Mwaka 1981 wataalamu wa Uswidi waliwashusha watu ngazi mara nyingi, kisha wakakata vipande vidogo vya misuli yao na kuvitazama kwa hadubini. Wakaona nyuzi ndogo ndogo zimevurugika mahali pake.

Hapo mpanda baiskeli na mbeba mizigo wataelewa upesi. Mtu apandaye kilima na mzigo hutokwa na jasho jingi, lakini ateremkapo, mapaja yake hufanya kazi ya breki: msuli hujikaza na papo hapo huvutwa. Mvutano huo ndio uvurugao nyuzi. Kisha mwili huleta damu na maji mahali palipoumia ili kupatengeneza, na ndipo maumivu huanza. Huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe, na kwa kawaida kabla ya juma moja kupita yamekwisha.

Tukilishika neno hili, mengine yote yatakuwa wazi. Hakuna uchafu wa kutoa. Iko kazi ya ujenzi inayoendelea ndani, nayo yataka muda wake.

TUZIPIME DAWA MOJA MOJA

Tuanze na kujinyosha viungo. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya majaribio 12 yaliyofanywa juu ya jambo hili. Wakapima maumivu kwa alama 100. Waliojinyosha baada ya mazoezi walipata nafuu ya alama moja hivi siku ya pili, nafuu ambayo mtu haioni. Anayependa kujinyosha na ajinyoshe, maana mwili hulegea na si vibaya. Lakini asitazamie kwamba kesho hataumwa.

Pili, kukanda kwa mafuta. Hapa bibi zetu wamepata sifa. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa walilinganisha njia nyingi katika majaribio 99, nao wakaona kwamba kukanda kwashinda njia nyingine zote katika kupunguza maumivu na uchovu. Lakini tuelewe mpaka wake. Kukanda humtuliza mtu, wala haionekani kwamba huzirudisha nguvu za msuli mapema. Mafuta ya mawese au ya viini vya ngazi hayaingii msulini kutengeneza kitu. Kazi yake ni kuufanya mkono uteleze. Mkono wa upole hufaa. Anayekandamiza kwa magoti hadi mgonjwa apige kelele huongeza jeraha juu ya jeraha.

Tatu, maji baridi. Wachezaji wa Ulaya hukaa ndani ya mapipa yenye barafu, na kweli maumivu yao hupungua kidogo katika siku zinazofuata. Lakini maji hayo ya majaribio huwa na baridi ya digrii 15 au chini yake, na mito ya msitu wetu haifiki baridi hiyo hata alfajiri. Kuoga mtoni ni usafi na ni burudani, lakini si dawa ile waliyoipima. Tena mwaka 2015 ilionekana kwamba vijana waliojiloweka katika maji baridi baada ya kila zoezi la kunyanyua vitu vizito, kwa muda wa majuma 12, waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao wasiojiloweka. Basi asiye na barafu asijione maskini kwa jambo hili.

Nne, kuchanja ngozi. Hili halifai hata kidogo. Damu itokayo ni damu njema, na msuli haupati faida yoyote. Lakini wembe uliopita katika ngozi za watu wengi waweza kuleta UKIMWI, homa ya ini au pepopunda. Mtu aliyekuwa na maumivu ya siku nne aweza kujipatia ugonjwa wa maisha yake yote.

KIDONGE CHA MFUKONI

Tano ni vidonge, na hapa twaomba msomaji asome polepole.

Dawa kama ibuprofeni hupunguza maumivu, hatukatai. Mtu akiitumia mara moja moja kwa shauri la mwuguzi, si kosa. Lakini kuimeza kila siku ili kufanya kazi zaidi ni jambo jingine. Mwaka 2017 wataalamu wa Uswidi walitoa habari za vijana waliofanya mazoezi majuma manane huku wakimeza miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku. Misuli yao iliongezeka nusu tu ya ilivyoongezeka kwa wenzao waliopewa aspirini kidogo. Kidonge kilinyamazisha maumivu, lakini kilizuia na ujenzi.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya figo. Mtu afanyaye kazi juani bila kunywa maji ya kutosha, figo zake tayari zimelemewa; ibuprofeni huzilemea zaidi. Mwaka huo huo wa 2017 zilitolewa habari za wakimbiaji 89 wa mbio ndefu za kilomita 80. Katika wale waliomeza dawa hiyo, wenye dalili za figo kuumia walikuwa kama 52 katika kila 100. Katika wale waliomeza kidonge kisicho na dawa, kama 34. Wabeba mizigo wa njia za msituni hawana tofauti kubwa na wakimbiaji hao, ila wao hawana daktari anayewangoja mbele.

Mbaya kuliko hivyo ni tramadoli, inayouzwa kidonge kimoja kimoja katika masoko mengi ya Afrika. Hiyo ni jamaa ya afyuni. Humfanya mtu asisikie mzigo wala jeraha, naye huendelea kubeba hata mgongo ukivunjika. Baadaye mwili huizoea, huidai, na hauwezi kuamka bila hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 wanamichezo wa dunia nzima wamekatazwa kuitumia wakati wa mashindano. Ikiwa imekatazwa kwa watu wenye madaktari wao, itamfaaje kijana wa machimboni asiye na wa kumwangalia?

DAWA ISIYOUZWA

Je, hakuna kitu chenye kufaa? Kipo, tena hakiuzwi sokoni. Ni kuzoea.

Majaribio ya nchi nyingi yameonyesha ajabu moja ya mwili. Msuli uliokwisha kuumia kidogo na kupona, ukirudia kazi ile ile, hauumii tena kama mwanzo, na kinga hiyo hudumu majuma kadhaa. Hata kazi nyepesi ya kwanza yatosha kuuandaa. Kwa hiyo mtu aanzaye kubeba mizigo, au arudiye kazini baada ya ugonjwa, aanze na nusu ya mzigo siku chache, kisha aongeze. Wakuu wa kazi nao wakumbuke: anayempa mgeni mzigo mzima siku ya kwanza hupata kazi ya siku moja na kupoteza ya siku tatu. Mwanafunzi atokaye likizo acheze nusu saa kwanza, asicheze mechi nzima. Wazee walisema kwamba pole pole ndiyo mwendo, na hadubini haikuwapinga.

Baada ya kuzoea kuna chakula na usingizi. Tutazame Iten, mji wa Kenya ulio juu ya milima, ambako Bruda Colm O'Connell wa Ireland amewafundisha vijana kukimbia tangu mwaka 1976. Mmoja wao, David Rudisha, alikimbia mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka 2004 zilitolewa habari za wakimbiaji hodari wa Kenya waliopimiwa chakula chao: karibu robo tatu ya nguvu waliyoila ilitoka katika vyakula kama ugali, wali na sukari, pamoja na maziwa na maharagwe. Tena wajulikana kwa kulala mapema usiku, na mchana pia kati ya mazoezi.

Maniema haikosi chakula cha namna hiyo. Wali wetu na sombe, pamoja na samaki, maharagwe, karanga au viwavi vya msituni, hutosha kuujenga msuli. Fedha ya kidonge cha jioni ingenunua karanga za familia. Na siku ya maumivu mtu asilale kitandani kutwa: atembee, afanye kazi nyepesi, maana mwendo mdogo hulegeza maungo.

MAUMIVU YASIYO YA KAWAIDA

Mwisho, tusiyaite maumivu yote uchovu. Maumivu ya ghafula wakati wa kazi, yenye uvimbe wa upande mmoja, huenda ni msuli au mshipa uliokatika. Maumivu ya mgongo yashukayo mguuni na kuleta ganzi yataka mwuguzi. Maungo yakiuma pamoja na homa, yafaa kupimwa malaria bila kukawia. Na mtu akikojoa mkojo mweusi kama chai nzito baada ya kazi ngumu, apelekwe hospitali siku ile ile: pengine misuli imeharibika hata sumu yake inaziba figo, pengine ni malaria kali. Yote mawili huua.

Kwa mengine, akina baba na akina mama, mkandeni kwa upole mtoto wenu aliyechoka, mpeni wali na maharagwe, mwacheni alale. Na kijana akikuta mkononi mwa rafiki kidonge cha kumfanya asisikie mzigo, akikatae. Maumivu yale ya siku tatu ni sauti ya mwili unaojenga. Tuungoje umalize.