Remorki nyepesi ya kinga: mzigo ukae wapi?

Bandugu bakulima, wengi wetu hapa Kilwa tunapakia mihindi ao mihogo juu ya kinga mpaka kando ya ziwa Moero, na mbele ya kufika gurudumu la nyuma limepinda. Remorki ya magurudumu mawili inasaidia mingi. Lakini ukiitengeneza nzito, ni sawa na kuvuta gunia moja ya bure kila siku.

Chuma kinene si lazima. Bomba jembamba halipindi haraka kama chuma kizima chenye uzito ule ule. Chini tandika mianzi; mbao nzito, iache ifanye mlango wa nyumba. Magurudumu ya kinga ya zamani yanafaa, ila kila moja lishikwe pande mbili, juu ekseli yake ikishikwa pande moja tu inapinda.

Sasa mzigo. Uzito mwingi ukae juu ya ekseli, kidogo mbele yake. Ukirudi nyuma, remorki inanyanyua kinga, na kwenye mteremko inayumba mpaka inakuangusha. Pima mbele ya kutoka: pakia, nyanyua mkono wa remorki. Ukipanda wenyewe, sogeza gunia mbele; ukikuumiza mgongo, rudisha nyuma.

Mkono ufungwe chini, karibu na ekseli ya nyuma ya kinga, hapana kwenye kiti. Ongeza kamba ya pili, kama kiungo kikikatika.

Kwa mvua, pinda mianzi miwili juu, funika na bashi. Usiku ukikukuta njiani, unalala mule na mzigo wako.

Kwenye mteremko mkali, shuka, tembea: breki ni za kinga tu, remorki haina.