Kosa la Mkono au Kosa la Rola?



Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeiona mkiwa mbele ya kamera tu: mmekaa wima, shati limefungwa vifungo vyote, mnasubiri picha ya kitambulisho cha kazi. Sisi tulikuwa upande wa pili, chini ya kitambaa cheusi. Miaka ya 1990 tuliajiriwa katika studio moja ya Arua, na siku za soko tulipakia kamera ya mvukuto na miguu yake mitatu juu ya lori tukaenda nayo Koboko.

Filamu yetu ilikuwa ya papo kwa papo, inchi nne kwa tano. Kila karatasi imo ndani ya bahasha yake, na ndani ya bahasha mna kifuko cha dawa. Ukishapiga picha unavuta bahasha. Rola mbili za chuma hupasua kifuko na kutandaza dawa kati ya negativu na karatasi ya picha. Unahesabu muda, unabandua, picha ipo.

Filamu hizo zilikuwa ghali. Kwa jirani zetu wa Gulu, mashine ya vitambulisho ya Gulu Real Art Studio ilitoa picha nne kwa mpigo. Wateja wengi hawakuhitaji nne, kwa hiyo walipigwa picha ya kawaida, kisha uso ukakatwa. Kwetu sisi kilichokatwa ni mshahara. Kila karatasi iliyoharibika tuliilipa. Mwenye studio hakuuliza sababu. "Mkono wako ndio uliovuta," alisema, basi.

Mwezi mmoja mwenzetu alipokea nusu mshahara. Ndipo tukapatana: picha mbovu hazitupwi tena. Tuliziweka katika boksi la viatu, na nyuma ya kila moja tukaandika tarehe, saa, mahali na jina la aliyevuta. Baada ya miezi miwili boksi lilianza kusema.

Picha nyeusi tupu: mwanga haukufika. Bahasha haikuinuliwa kabla ya kupiga, au lenzi haikufunguka. Karatasi isiyo na sura yoyote, dawa haikutandazwa: mkono wa holda uliachwa kwenye L badala ya P, rola hazikubana, kifuko hakikupasuka. Hayo yalikuwa makosa yetu.

Mstari uliokata picha upande hata upande: mvutaji alisita katikati. Pembe iliyobaki bila sura: alivuta mshazari, dawa haikufika. Vidoa vyeupe vilivyotapakaa kama unga: alivuta kwa haraka mno. Dawa yake ni kuvuta mara moja, sawasawa, bila kusimama.

Rangi zilizopotoka zilitoka zaidi Koboko mchana. Muda hufuata joto. Filamu ya FP-100C ya Fujifilm, kwa mfano, ilitaka sekunde 120 kwenye nyuzi 25. Joto likizidi muda hupungua, baridi ikija huongezeka. Sisi tulikuwa tukihesabu muda ule ule asubuhi na mchana. Tena maboksi ya filamu yalisafirishwa juu ya lori juani, na si sisi tulioamuru hivyo.

Lakini fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la madoa yaliyojirudia. Tulipima kwa uzi: kutoka doa hadi doa ni umbali ule ule, sawa na mzunguko wa rola. Mkono wa binadamu hauwezi kufanya hivyo. Dawa ilikuwa imekauka kwenye chuma. Tulifuta kwa kitambaa chenye maji, madoa yakapungua. Yaliyobaki yalitokana na rola moja iliyochimbika. Palikuwa pia na ukungu mweupe, daima pembe ile ile. Usiku tulizima taa, tukawasha tochi ndani ya mvukuto: matundu mawili kwenye mikunjo.

Tulikwenda kwa mwenye studio sote pamoja. Tulizipanga picha mezani, fungu kwa fungu. Makosa yetu tuliyakubali. Ya rola na mvukuto tuliyakataa. Alinyamaza, kisha akauchukua uzi akapima mwenyewe. Tangu siku ile makato ya makosa ya vyombo yalikoma. Tulipewa pia maji na sabuni karibu na kamera, maana dawa ile ni kali na huchoma ngozi. Pesa za mwenzetu hazikurudi.

Hata waliotengeneza filamu hizo walikuwa na mapambano yao. Mwaka 1970 Ken Williams na Caroline Hunter, wafanyakazi wa Polaroid huko Marekani, waligundua kuwa vyombo vya kampuni yao vilitumika kupiga picha za vitabu vya pasi walivyolazimishwa kubeba Waafrika wa Afrika Kusini. Waliwaita wenzao wapinge. Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971, lakini mwaka 1977 Polaroid iliacha biashara yake Afrika Kusini.

Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu hizo mwaka 2008, na Fujifilm ikasimamisha FP-100C mwaka 2016. Boksi la viatu bado lina kazi. Ukiambiwa umeharibu majani ya chai, uzi au gunia, usilitupe lililoharibika. Andika tarehe na saa, ulinganishe na ya wenzako, kisha mwende pamoja.