Kipya Kinyemi: Stesheni Zetu Kongwe Zimeenda Wapi?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi reli mpya siipingi hata kidogo. Tarehe 31 Mei 2017, garimoshi la Madaraka Express lilipoanza kazi, safari ya Mombasa hadi Nairobi iliyokuwa ikila usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Nani atakataa? Langu ni swali tu. Reli ya zamani ilikuwa na stesheni zake. Je, zimeenda wapi?

Hazijaenda popote. Nyingi zingali zimesimama pale pale zilipojengwa, na hapo ndipo penye tatizo.

Hebu tutazame upana wa reli kwanza. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja. SGR ina milimita 1,435. Garimoshi la reli moja haliwezi kukanyaga nyingine. Tena garimoshi la kasi halipendi kona kali wala kusimama simama. Kwa hivyo wahandisi hawakuipanua njia ya kale, bali walijenga nyingine. Kati ya vituo vikuu viwili, Miritini na Syokimau, abiria ana stesheni saba tu: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mazeras, Samburu, Mackinnon Road, Makindu, Sultan Hamud, Ulu na Konza, zote zilizokuwa kwenye orodha ya zamani, hazimo.

Watu hudhani adui wa jengo kongwe ni tingatinga. Kwa reli yetu adui ni upweke. Abiria wakihama, stesheni masta naye huhama, na yeye ndiye aliyekuwa akiona bati lililolegea. Mvua ya kwanza maji huingia. Mvua ya pili mbao za dari huanza kuoza, kisha mchwa wanakaribishana. Mwisho huja jamaa wa vyuma vikuukuu, usiku, na hawa hawaachi kitu: kengele, taa, hata bawaba za milango. Jengo lililostahimili miaka mia laweza kuisha kwa miaka kumi bila mtu yeyote kutoa amri libomolewe.

Nyanya yangu aliuza machungwa na mayai ya kuchemsha pale Sultan Hamud, akiyapitisha kwenye madirisha ya mabehewa. Karo ya mama ilitoka kwenye madirisha hayo. Mpaka leo, akienda sokoni, nyanya husema anakwenda stesheni. Mji wenyewe umepewa jina la Sultan Hamud bin Mohammed aliyetawala Unguja kutoka 1896 hadi 1902. Kibao cha stesheni kikiuzwa kwa kilo, mtoto wa Ukambani atajuaje kwa nini anaishi katika mji wenye jina la sultani wa visiwani?

Njia nzima imejaa mambo kama hayo. Mackinnon Road kuna msikiti na kaburi la Sayyid Baghali kando kando ya reli. Makindu kuna hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926. Pale Kima, mwaka 1900, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Simba ndiye aliyemvizia yeye. Behewa hilo limo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Behewa limepata pa kukaa, lakini stesheni haiwezi kuvutwa hadi Nairobi.

Kuna wanaosema, "Hayo ni majengo ya mkoloni, yaache yaanguke!" Kwani mkoloni ndiye aliyebeba mataruma? Vibarua 32,000 hivi waliletwa kutoka India, na 2,500 hivi wakafa kazini. Wazee wetu wa hapa nao walichimba, wakafyeka, wakapiga nyundo. Jasho lao ndilo lililo katika kuta zile.

Hata Uingereza, walikotoka waliopanga reli yetu, swali hili liliwasumbua. Katika miaka ya 1961 na 1962 walibomoa lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston, London, ili wajenge stesheni mpya. Watu wengi walilia ngoa. Stesheni jirani ya St Pancras, ya mwaka 1868, ilipotishiwa nayo, watetezi waliamka mapema, na mwaka 1967 ikawekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa. Baadaye palihitajika mahali pa kupokelea magarimoshi ya kutoka Paris yenye urefu wa karibu mita 400. Paa la kale halikutosha. Basi waliliacha kama lilivyo, wakaongeza paa jipya mbele yake. Chini ya reli palikuwa na ghala la mapipa ya bia, hata nguzo zake zilipangwa kwa vipimo vya mapipa hayo! Ghala likageuzwa ukumbi wa abiria, na stesheni ikafunguliwa upya Novemba 2007. Naona siri yao ni kwamba walilipa jengo kazi.

Na sisi tunao mfano. Reli ya Nanyuki ilikarabatiwa na garimoshi la abiria likarudi mwaka 2020. Ile ya Nakuru hadi Kisumu ikafuata mwaka 2021. Huko upana wa reli haukubadilishwa, kwa hivyo abiria hushukia stesheni za njia ile ile.

Pasiporudi garimoshi, pawe na soko, maktaba au zahanati, bora kuwe na mtu wa kufungua dirisha asubuhi. Sheria ipo. Ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa urithi unaolindwa. Ile ya Mazingira ya mwaka 1999 inadai athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Neno kubwa hapo ni "kabla". Stesheni ihesabiwe, ipimwe na kupigwa picha mwanakandarasi akiwa bado hajatia sahihi, na ulinzi wake uandikwe ndani ya mkataba, pamoja na tangi la maji na kile kibao cha jina kinachotaja futi kutoka usawa wa bahari. Mashine zikishafika, kila siku ya kusubiri ni pesa, na hakuna atakayesubiri kengele ing'olewe taratibu.

Desemba 2022 ulizinduliwa mpango wa Nairobi Railway City, utakaobadilisha eneo lote linaloizunguka stesheni kuu ya Nairobi. Jiji hili lilizaliwa hapo, reli ilipofika mwaka 1899. Ukipita asubuhi utaona wafanyakazi wakimiminika kutoka garimoshi za mitaani, wengi wao hawainui macho. Chama chetu kinapanga kwenda huko na kamera na futi ya kupimia, mlango kwa mlango. Anayetaka kuandamana nasi amwone katibu kabla ya likizo.