Bampa la Chuma: Usiulize Unene, Uliza Mikono

Gari la Porini – Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye springi za mbele, nikaahidi kwamba leo tutazitwika mzigo. Mzigo wenyewe ni bampa. Gari letu la mfano ni lile lile, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania huiita “mkonga” kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo. Ilianza kuuzwa mwaka 1984, na mpaka leo inajengwa juu ya chesi ya ngazi: vyuma viwili virefu vinavyokwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, vikiunganishwa na vyuma vya kukingama. Ncha za vyuma hivyo viwili zinafika mbele kabisa ya gari zikiwa na matundu ya bolti tayari. Kwa fundi wa bampa hiyo ni neema ambayo magari mengi ya kisasa hayana.

Pita kwenye karakana za Unga Limited jijini Arusha, au kule Kariobangi Light Industries, Nairobi, usikilize mteja anapoagiza bampa. Swali lake la kwanza ni moja tu: “Fundi, unaweka pleti ya ngapi?” Fundi akijibu “sita”, maana yake milimita sita, mteja anatabasamu na kutoa malipo ya awali. Akijibu “nne”, mteja anaanza kuangalia karakana ya jirani. Mafundi wanalijua hilo, na baadhi yao huweka sita kwa kumridhisha mwenye gari, ilhali mikononi mwao wanajua kabisa kwamba nne ingetosha.

Tuanze na mizani. Kila mita moja ya mraba ya chuma cha kawaida, kwa kila milimita moja ya unene, ina uzito wa kilo 7.85. Bampa lenye winchi kwa gari kama hili hula takriban mita 1.6 za mraba za pleti. Kwa milimita nne unapata kilo 50, kwa milimita sita unapata kilo 75. Ongeza winchi ya umeme yenye waya wa chuma, ambayo peke yake ni kilo 35 hadi 40, na bampa la sita linakufikisha kwenye kilo 110 hivi kabla hujafunga taa hata moja.

Lakini ekseli ya mbele haibebi kilo 110. Inabeba zaidi, kwa sababu bampa limekaa mbele ya magurudumu, na hapo kanuni ya wenzo tuliyosoma shuleni inaanza kufanya kazi. Tuseme kitovu cha uzito wa bampa kipo sentimita 75 mbele ya ekseli. Umbali kati ya ekseli mbili za mkonga wa milango ya nyuma, ule wa 78, ni mita 2.98. Ukipiga hesabu, ekseli ya mbele inaelemewa na kilo 138, na ile ya nyuma inapunguziwa kilo 28. Gari linainama pua. Springi ambazo wiki iliyopita tulizisifu zinakaa nusu zimebanwa hata gari likiwa limesimama, na kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, magurudumu ya mbele ndiyo yanayozama kwanza. Mtu amenunua kitu cha kumtoa kwenye tope, na kitu hicho hicho kinamzamisha.

Je, pleti nyembamba haitapinda? Inategemea umeikunja namna gani. Chukua ukanda wa chuma wenye upana wa milimita 100 na unene wa sita, ulio bapa. Kisha chukua mwingine wa upana huo huo lakini wenye unene wa nne, ukunje kingo zake mbili, milimita 30 kila upande, upate umbo la mfereji. Ukanda wa pili ni mwepesi kwa theluthi moja, lakini ukijaribu kuupinda ubapa wake, ugumu wake ni zaidi ya mara 20 ya ule wa kwanza. Si miujiza, chuma kilicho mbali na mhimili wa kupinda hufanya kazi kubwa kuliko kilicho karibu nao. Ndiyo sababu fundi mwenye mashine ya kukunjia, au hata mwenye nyundo nzito, vyuma viwili vya pembe na subira, anatengeneza bampa la pleti ya nne linaloshinda ubao bapa wa sita. Mikunjo ile unayoiona usoni mwa mabampa mazuri si urembo. Pleti ya sita iachiwe mahali pamoja tu: kitako cha winchi, pale ambapo bolti nne zinavuta chuma kutoka sehemu ndogo.

Sasa tuingie kwenye mikono, yaani vile vipande viwili vinavyoshika bampa na kulifunga kwenye ncha za chesi. Hapa ndipo nguvu ya bampa ilipo, na hapa ndipo wateja hawaulizi kitu.

Kazi ya bampa la porini, kwa mtazamo wangu, si kugonga. Dereva anayefikiria kugonga ameshakosea mahali pengine. Kazi yake ni kuvutwa: na winchi yake yenyewe, na kamba ya gari jingine, na jeki ndefu ya meno inayoinua tani nzima kwa ukingo mmoja. Kanuni ya kawaida ni winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Gari la tani tatu na ushee linahitaji basi winchi ya tani tano hivi, na ndiyo maana ile ya paundi 12,000, sawa na kilo 5,443, imezoeleka sana. Tani hizo zote zinapita kwenye mikono miwili.

Wengi hudhani kila mkono unabeba nusu. Ni kweli, ikiwa mti uliofunga waya upo mbele yako sawasawa, jambo ambalo porini hutokea kwa nadra. Tuseme unavuta kwa tani tano, na mti upo kulia kwa pembe ya nyuzi 45. Tuseme pia waya unatoka sentimita 30 mbele ya bolti, na mikono imeachana kwa sentimita 80. Nguvu ya pembeni inajaribu kulizungusha bampa kuelekea kulia. Mkono wa kushoto unajikuta unavutwa kwa tani 3.1, na wa kulia haufiki hata nusu tani. Unavuta kulia, anaumia wa kushoto! Fundi asiyelijua hilo atakuta ufa upande ambao hakuutarajia, aukarabati, kisha ashangae unarudi.

Kwa hiyo mikono iwe ya pleti ya milimita nane au kumi, iingie ndani ya bampa na kupita hadi kwenye uso wake wa mbele, isiishie kwenye pleti ya nyuma tu. Pale mkono unapokutana na bampa pawe na pembetatu za kuimarisha, juu na chini. Mkono ushike chesi kwa pande mbili ikiwezekana, mbele na ubavuni, ili bolti zisifanye kazi zote kwa mwelekeo mmoja. Na ufungwe kwa bolti. Kuchomelea mkono moja kwa moja kwenye chesi ni jambo ninalolipinga kabisa: joto hubadilisha tabia ya chuma kandokando ya mshono, na siku bampa likipinda utalazimika kukata chesi ya gari.

Bolti nazo zina lugha yao. Angalia kichwani: alama ya 8.8 inaeleza kwamba chuma hicho hukatika kwa kuvutwa kwenye niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na kwamba huanza kulegea na kunyooka moja kwa moja kikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti ya namba 12 ya daraja hilo inastahimili karibu tani saba kabla ya kukatika kwa kuvutwa, na kama tani nne kwa kukatwa ubavuni. Nne kwa kila mkono zinatosha na kubaki. Bolti isiyo na alama yoyote, hata iwe inang'aa kama fedha, irudishe dukani.

Pete za kuvutia zinastahili neno lake. Zikatwe kwenye chuma cha milimita 20 au zaidi, zipite katikati ya pleti ya bampa, zichomelewe pande zote mbili na, bora zaidi, ziwe sehemu ya mkono wenyewe. Pingu ya robo tatu ya inchi, iliyoandikwa tani 4.75, ina pini ya milimita 22, basi tundu la milimita 24 au 25 linatosha. Pete iliyobandikwa usoni mwa bampa kwa mshono wa kando tu ni silaha: ikichomoka wakati kamba imejivuta, inaruka kwa kasi ya kuua, na madereva wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Kuhusu kupima, sitasema mengi. Egesha gari mahali tambarare, kata kiolezo cha kadibodi kwanza, na acha nafasi ya milimita 20 hivi kati ya bampa na bodi. Bodi ya mkonga imekaa juu ya mipira na hucheza peke yake, chesi nayo hucheza peke yake, na pasipo nafasi hiyo mudigadi zitaanza kugongwa katika bonde la kwanza. Acha pia njia ya hewa kuelekea kwenye rejeta. Winchi kubwa iliyozibwa na pleti pana ni sababu ya gari kuchemka linapopanda kutoka kreta ya Ngorongoro kwa gia nzito.

Kuchomelea ndiko kunakodhihirisha fundi. Magamba meusi ya kiwandani yaondolewe kwa grainda, kingo za pleti nene zichongwe mshazari ili moto uingie ndani, na vipande vishikizwe kwa nukta ndogondogo bampa likiwa limefungwa kwenye gari, ili vipimo visikimbie. Kisha lifunguliwe, lifungwe kwenye fremu imara sakafuni, na mishono ipigwe kwa kurukaruka: kidogo kushoto, kidogo kulia, kidogo juu. Chuma kinapopoa kinajikunyata, na fundi anayechomelea mstari mzima kwa pumzi moja atapata bampa lililopinda kama ndizi. Mshono usiishie kwenye kona; uzungushwe upite kona, kwa maana ufa wa uchovu wa chuma huanzia pale mshono ulipokomea, na barabara zetu za vumbi zenye mawimbi madogo hutikisa mshono huo maelfu ya mara kwa saa moja. Fimbo za aina ya 6013 zinatosha kwa kazi hii zikiwa kavu. Za 7018 zina mshono mgumu zaidi, lakini hunyonya unyevu, na kuziacha wazi juu ya meza Tanga au Mombasa ni kuziharibu.

Bampa likiwa bado garini, ondoa waya hasi wa betri kabla ya kupiga nukta ya kwanza, na klampu ya ethi ibane kwenye bampa lenyewe karibu na mshono. Umeme ukipata njia ya kupita kwenye bearingi za magurudumu, unazitoboa vijishimo.

Na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, yanayopendwa kwa kujenga ile kinga ya juu, yasichomelewe kabla ya zinki kusuguliwa na kuondolewa. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi kali saa chache baadaye, usiku fundi akiwa kitandani. Karakana nyingi huamini maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi usiingie mapafuni. Dirisha wazi na barakoa ndivyo vinavyozuia.

Limebaki suala ambalo wenye magari hawapendi kulisikia. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alisajili mwanzoni mwa miaka ya 1950 wazo la gari ambalo pua yake hujikunja kwa makusudi ili abiria wasiumie. Magari mengi ya leo yamejengwa hivyo, na bampa gumu lililofungwa mbele ya pua hiyo hupitisha pigo hadi ndani. Ukiona herufi SRS kwenye usukani, vihisi vya mifuko ya hewa navyo vimepangwa kwa pua ya asili, hivyo usimruhusu fundi wa kawaida abahatishe. Halafu yupo mtu wa nje ya gari. Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya kinga za mbele mwaka 2005, na India ikazipiga marufuku Desemba 2017, kwa ajili ya watembea kwa miguu. Barabara zetu zimejaa wachungaji, wanafunzi na bodaboda. Kona kali za pleti na mabomba yanayochomoza kwenye usawa wa kifua cha mtoto hayana kazi yoyote ya porini. Zungusha kona zote, punguza urefu, na ile kinga ya mng'aro ya mjini achana nayo.

Mwisho ni rangi. Kila boksi lililofungwa litobolewe tundu la milimita kumi upande wa chini, maji na tope vipate pa kutokea. Safisha mafuta, paka praima hata kwenye migongo isiyoonekana, ndipo upake nyeusi. Baada ya kilomita 500 za kwanza rudi chini ya gari na spana, kaza bolti zote za mikono, uitazame mishono ya mkono wa kushoto na wa kulia kwa tochi. Wiki ijayo tutahamia nyuma, kwenye bampa linalobeba tairi la akiba na madumu mawili ya dizeli, ambako wenzo ule ule unafanya kazi kinyume.