Rumonge ianze na fuawe

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wako wa kulia, unafika Rumonge baada ya kilomita sabini na ushei. Mji huu unaishi kwa samaki na mawese, na vyote viwili vinategemea chuma. Boti ya mbao hushikwa na misumari na kutulizwa na nanga. Mkungu wa chikichi hauanguki bila shoka au panga kali. Kinu cha kukamulia mafuta kina ekseli, parafujo na vyuma vinavyosagika kila msimu. Siku kimojawapo kikivunjika, kazi husimama mpaka apatikane fundi.

Fundi naye ana kifaa kimoja ambacho vingine vyote huzaliwa juu yake: fuawe. Nyundo inaweza kufuliwa juu ya fuawe, na koleo na patasi vivyo hivyo. Fuawe ikiwa imebonyea au kingo zake zimemeguka, kila kinachotoka hapo hutoka na kasoro. Ndiyo maana naamini kwamba mji unaotaka kusimama kwa mikono yake wenyewe uanze kwa kutunza na kutengeneza fuawe zake.

Ziwa la wahunzi

Ufundi huu si mgeni Tanganyika. Kusini-mashariki mwa ziwa, Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, ambayo ndiyo iliyovukutwa. Kaskazini-mashariki, huko Buhaya kando ya Ziwa Viktoria, wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri za asili miaka ya 1970 mbele ya watafiti, na chuma kikapatikana. Katika Burundi na Rwanda, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri zilizotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Fuawe yenyewe ilikuwa na heshima kubwa. Katika bonde la Upemba, Katanga, imekutwa ndani ya makaburi ya kale ya watu wenye hadhi. Huko Karagwe, fuawe na nyundo za chuma zilihifadhiwa miongoni mwa hazina za mfalme. Watu hawa walijua kwamba anayemiliki fuawe anamiliki jembe la kesho na mkuki wa kesho.

Hata meli mashuhuri kuliko zote ziwani ilipita kwenye moto wa mhunzi. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa treni hadi Kigoma. Hapo iliungwa upya kwa ribiti, na ribiti hupashwa moto hadi iwe nyekundu, ikatiwa tunduni na kugongwa kabla haijapoa. Ilishushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Kuipima na kuiponya

Fuawe nyingi za kizamani zilizoachwa na wakoloni, wamisionari na karakana za reli zina mwili wa chuma laini na uso wa bamba la chuma kigumu. Bamba hilo ndilo mtaji. Kwa hiyo kosa kubwa ni kuchukua grenda na kusawazisha uso mzima ili upendeze. Ukilimaliza bamba, umebaki na uzito tu.

Anza kwa kupima. Igonge taratibu kwa nyundo ndogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa mzito, huenda bamba limeachana na mwili mahali hapo. Kisha angusha gololi ya beringi kutoka urefu wa sentimita 25. Ikidunda hadi sentimita 18 au zaidi, uso bado ni mgumu. Ikidunda kidogo tu, ama uso umelegezwa na moto, ama fuawe ni ya chuma cha kalibu kisichostahili gharama.

Kingo zilizomeguka kidogo ziviringwe tu kwa tupa. Pengo kubwa hujazwa kwa kuchomelea, na hapa subira ndiyo ufundi. Ukichomelea fuawe baridi, uzito wake hunyonya joto haraka mno, chuma pembeni mwa mshono kinakuwa kigumu kama kioo, na ufa hufuata. Ipashe yote polepole kwanza, hadi karibu nyuzi 200. Asiye na kipimajoto asugue sehemu ndogo ya uso hadi ing'ae. Ikianza kugeuka manjano hafifu, inatosha. Ukizidisha sana hapo unaulegeza uso unaotaka kuuokoa. Vijiti vya kuchomelea viwe vile vya haidrojeni kidogo, tena vikavu kabisa, kwa maana hewa ya ziwani huvilowesha upesi. Ukimaliza, ifukie fuawe katika majivu au mchanga mkavu ipoe hadi kesho yake. Grenda ipite baadaye, juu ya mshono peke yake.

Asiye nayo aitengeneze

Asiye na fuawe anaweza kuanza na kipande cha ekseli ya lori, akakisimamisha wima ndani ya gogo la mti mgumu lililofukiwa ardhini. Wima ni muhimu: uzito wote unakuwa chini ya nyundo. Uso ufike kwenye vifundo vya ngumi ya fundi aliyesimama na mikono yake ikining'inia. Kipande cha reli nacho hufaa kwa namna hiyohiyo, mradi asili yake ijulikane. Reli iliyong'olewa njiani ni wizi unaohatarisha maisha ya abiria.

Tanuri halihitaji fedha nyingi. Dramu la breki ya lori, likikandikwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, linashika moto vizuri. Hewa huingia kwa bomba kutoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Tanuri la namna hii halisubiri umeme urudi wala dizeli ifike, na katika nchi iliyoandamwa na uhaba wa mafuta ya petroli, jambo hilo lina thamani yake.

Rumonge ina bahati nyingine. Maganda magumu ya mbegu za chikichi huwaka kwa joto kali, na wahunzi wa Nigeria na Ghana huyatumia kama nishati. Hapa yamejaa kandokando ya vinu, na kila gunia lake linaokoa makaa ya miti. Mawese yenyewe yanafaa kupozea chuma. Panga lililofuliwa kutoka bapa la springi ya gari hupashwa hadi sumaku isilivute tena, karibu nyuzi 770, likaongezwa moto kidogo, kisha likachovywa katika mafuta. Maji hupoza kwa ukali na huweza kulipasua. Mafuta hulipoza kwa upole. Mwishowe hupashwa kidogo tena ili makali yasimeguke.

Tahadhari ni mbili: usitie motoni chuma kilichopakwa zinki, maana moshi wake ni sumu, wala bomba lililozibwa pande zote, maana hulipuka.

Wajibu wa mji

Chuma chakavu cha pwani hii huuzwa kwa kilo, na ekseli hupimwa bei moja na bati bovu. Hilo ni hasara. Vyama vya wavuvi na wenye vinu wakitenga vipande vizito na springi kabla mnunuzi hajafika, wakavipeleka kwa mafundi wa mji, watapata nanga, mashoka na vipuri vya vinu hapahapa. Vyuo vya ufundi navyo vimpe kila mwanafunzi wa kuchomelea jukumu la kuunda koleo lake, nyundo yake na tanuri lake kabla ya cheti. Kijana atakayehitimu hivyo hatahitaji mkopo wa vifaa ili aanze kazi. Atakuwa amekwisha kuvitengeneza.