DNA ya ndugu zetu waliotoweka yafichua uzito wa binadamu kwa mazingira

MFUPA mdogo wa kidole cha mguu uliofukuliwa mwaka wa 2010 katika pango la Denisova, kusini mwa Siberia, ulikuwa wa mwanamke wa jamii ya Neandertali, ndugu wa binadamu wa leo waliotoweka takriban miaka 40,000 iliyopita. Svante Pääbo na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walipochapisha DNA yake mwishoni mwa 2013, ilibainika kwamba wazazi wake walikuwa jamaa wa karibu mno: pengine watoto wa mama mmoja na baba tofauti, au mtu na mpwa wake.

Msomaji huenda akauliza hayo yanahusiana vipi na mazingira. Jawabu limo katika hesabu. Hata ukiuweka kando undugu huo, chembe za urithi za mwanamke huyo zilikuwa na tofauti chache sana, dalili kwamba watu wake walikuwa wachache kwa vizazi vingi. Mwaka wa 2017 mabaki ya mwanamke mwingine, kutoka pango la Vindija nchini Kroatia, yalisimulia habari iyo hiyo, ijapokuwa wazazi wake hawakuwa jamaa wa karibu.

Waneandertali hawakuwa malaika. Huko Neumark-Nord, Ujerumani, miaka 125,000 hivi iliyopita, walichinja ndovu wakubwa kuliko wa leo, na yaelekea moto wao ulisaidia kuzuia msitu usifunge eneo hilo. Lakini athari hiyo ilikuwa ya mahali pamoja. Watu wachache waliotawanyika barani hawakuweza kumaliza wanyama, na kwa zaidi ya miaka 200,000 waliishi pamoja na dubu wa mapangoni, mnyama mkubwa aliyekula majani.

Dubu huyo naye ameacha ushahidi. Mwaka wa 2019 watafiti wa Ujerumani, Uswisi na kwingineko walichunguza DNA ya mifupa ya dubu kutoka maeneo 14 ya Ulaya. Waligundua kwamba idadi yao haikutikiswa na vipindi viwili vya baridi kali vilivyotangulia. Ilianza kuporomoka miaka 40,000 hivi iliyopita, wakati ambapo binadamu wa aina yetu walikuwa wakienea Ulaya, kabla ya baridi kuu ya mwisho kuwadia.

Wapo wataalamu wanaolaumu hali ya hewa, na hoja yao haifai kupuuzwa, kwani baridi hiyo ilipofika iliwakuta dubu wakiwa wamekwisha kudhoofika. Lakini kwa maoni yangu, mnyama aliyestahimili misukosuko miwili ya hewa hawezi kuangamizwa na wa tatu pasipo mkono wa jirani mpya aliyegombea naye mapango na kumwinda.

Katika kipindi hicho hicho Waneandertali nao walitoweka. DNA haisemi kwamba tuliwaua. Inasema kwamba tulizaana nao: tafiti za 2024 zinaonyesha mchanganyiko huo ulitokea kati ya miaka 50,500 na 43,500 iliyopita. Asilimia moja hadi mbili ya urithi wa watu wenye asili ya nje ya Afrika ni yao.

Waafrika walidhaniwa hawana sehemu katika urithi huo. Mwaka wa 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walipima upya DNA ya jamii tano za Afrika, miongoni mwao Waluhya wa Webuye. Walikuta takriban asilimia 0.3, sehemu yake ikiwa imeletwa na watu waliorejea Afrika kutoka Ulaya na Asia maelfu ya miaka iliyopita. Dubu wa mapangoni hana mrithi wa namna hiyo Webuye, ingawa sehemu ndogo ya DNA yake imepatikana katika dubu wa kahawia wanaoishi hadi leo.